Deni Lijulikane na Nyumba Nzima

Mada tuliyopewa ni namna familia inavyoweza kubana matumizi ya nyumbani ili kulipa madeni. Mawaidha juu ya jambo hili ni mengi, na karibu yote huanza na orodha ya vitu vya kuacha: soda, vocha, bodaboda, nguo za sikukuu. Orodha hiyo ina manufaa yake, nasi tutaifikia. Lakini katika kuwasikiliza walaji wanaofika kwenye dawati letu la ushauri tumejifunza kwamba kuna hatua inayotangulia orodha. Nyumba haiwezi kubana matumizi kwa ajili ya deni isilolijua.

Hali tunayokutana nayo mara kwa mara ni hii. Mama amechukua mkopo wa marejesho ya kila siku, ule ambao mitaani umepewa jina la kausha damu, na baba hana habari. Baba naye amekopa kazini na kwa rafiki, na mama hana habari. Kila mmoja huchota kwa siri katika fedha za chakula ili apeleke marejesho yake. Watoto huona sufuria imepungua na sauti zimepanda, wasijue sababu. Katika nyumba ya namna hiyo, mmoja akisema "tupunguze matumizi," mwenzake husikia lawama au ubahili. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mwenye kuficha deni naye hupata taabu ya kulimaliza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kikao. Chagueni saa ambayo hakuna mwenye njaa wala haraka. Wakae baba na mama, na pia bibi, babu au ndugu yeyote anayekula na kuchangia katika nyumba hiyo. Watoto wakubwa waitwe; wadogo waelezwe kwa kadiri ya umri wao kwamba kwa miezi kadhaa nyumba ina kazi ya kufanya, na kwamba hawatalala njaa. Mzazi anayelea peke yake naye aitishe kikao hiki pamoja na wanawe, au amshirikishe ndugu mmoja anayemwamini.

Siku hiyo lifanyike jambo moja tu: kuandika. Chukueni daftari, mwandike kila deni katika mstari wake: nani anadai, kiasi gani kilikopwa, kiasi gani kimebaki, riba ni ngapi, siku ya kulipa ni lini, na ni dhamana gani iliyowekwa. Msiliache deni la dukani kwa kuwa ni dogo, wala la ndugu kwa kuwa hadai. Maswali ya nani alikopa kwa ajili ya nini yasubiri, kwa sababu lawama ya usiku mmoja inaweza kuwafanya watu wafiche yale ambayo hayajaandikwa bado.

Daftari likikamilika, pimeni uzito wa kila deni. Deni kubwa kwa tarakimu silo lazima liwe zito kuliko mengine. Tuchukue mfano. Mtu amekopa shilingi 200,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi anatoa riba ya 40,000. Akilipa riba peke yake kwa miezi kumi, atakuwa ametoa 400,000, na zile 200,000 za msingi ziko palepale. Kiasi hichohicho kikikopwa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba yake ya mwaka mzima haizidi 36,000. Yule wa kwanza analipa kwa mwezi mmoja zaidi ya anacholipa huyu kwa mwaka.

Mikopo ya marejesho ya kila siku huficha uzito wake kwa namna nyingine. Ukipokea 100,000 ukarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26, utakuwa umelipa 130,000. Kufikia siku ya 20 umekwisha kurudisha kiasi chote ulichopokea, na siku sita zilizobaki unalipa riba tupu. Anayeona 5,000 ya leo peke yake hawezi kuliona hilo. Vivyo hivyo kwa huduma za simu zinazokukopesha pale salio linapopungua: ada yake ya siku huonekana ndogo, lakini huendelea kuhesabiwa mpaka utakapolipa.

Baada ya hapo ndipo tunaifikia orodha ya matumizi. Tunashauri utaratibu mmoja: kila mtu aanze kwa kutaja kitu chake mwenyewe atakachopunguza, na mwenye kipato kikubwa zaidi nyumbani atangulie. Baba akisema atabeba chai ya chupa badala ya kunywa mgahawani, mtoto hatanung'unika anapoombwa kupunguza bando. Baba akianza na bando la mtoto, kikao kimekwisha.

Tuifuatilie kaya moja ya mfano, yenye watu sita mjini. Hesabu zake ni za kuelekeza. Ninyi mtaweka bei za mtaa wenu. Wamegundua kwamba simu tatu za nyumbani hula vocha na bando la 75,000 kwa mwezi, kwa sababu hununuliwa kidogokidogo kila siku. Wakinunua la mwezi na kujiwekea mpaka, watatumia 40,000 na kuokoa 35,000. Chai na vitafunwa vya kazini, 1,500 kwa siku 26, ni 39,000. Wakibeba kutoka nyumbani itakuwa 13,000, nao wataokoa 26,000. Safari moja ya bodaboda ya 1,000 inayoweza kutembewa kwa miguu ni 26,000 nyingine. Mkaa wa kopo ukibadilishwa kuwa wa gunia, na maharage yakilowekwa usiku kucha ili yaive upesi, wanaokoa 15,000. Michango ya sherehe imepunguzwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Jumla yote ni 122,000 kwa mwezi, na hakuna mlo uliofutwa.

Hilo la michango ni gumu, tunalijua. Mtu huona haya kutoa kidogo mbele ya kamati ya harusi, akakopa ili asionekane. Ndiyo maana tumesema nyumba nzima ijue. Mke na mume wakikubaliana kiwango kimoja kwa sherehe zote mpaka deni liishe, kila mmoja anaweza kusema "nyumbani tumeamua hivyo" bila kuona aibu. Kutoa kidogo kwa wakati kunatunza heshima kuliko kuahidi kikubwa usichokuwa nacho.

Yapo pia yasiyopaswa kuguswa. Msipunguze chakula cha watoto, cha mjamzito wala cha mgonjwa. Msiache dawa za kila siku za kisukari au shinikizo la damu, wala kuchelewesha matibabu. Ugonjwa ukizidi huja na deni jipya. Msichote mtaji wa biashara inayolisha nyumba. Chakula kinaweza kubadilishwa pasipo kupungua nguvu: dagaa, maharage, kunde na mchicha ni lishe nzuri. Mwenye nafasi ya kuhifadhi anunue mahindi na maharage wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ahakikishe yamekauka vizuri ili yasishikwe na ukungu wenye sumu.

Sasa tunafika mahali ambapo familia nyingi hukwama. Wamejinyima mwezi mzima, na mwisho wa mwezi hakuna kilichoonekana. Sababu ni kwamba shilingi iliyookolewa ilibaki mfukoni, na fedha iliyo mfukoni haikosi kazi. Fedha mliyookoa iondolewe siku ileile na iwekwe mahali pake: katika kibubu kinachowekwa hadharani, au katika akaunti inayojulikana na wawili. Mkitumia simu, angalieni makato. Kutuma mara moja kwa wiki kunaweza kuwa nafuu kuliko kutuma kila siku. Kisha andikeni kwenye daftari: leo tumeokoa 1,000 ya nauli, imewekwa.

Na fedha hiyo iende kwenye deni gani? Kaya yetu ya mfano ina madeni manne: 200,000 ya mtaani yenye riba ya 40,000 kwa mwezi, 60,000 ya dukani, 240,000 ya kikundi, wanayolipa 40,000 kila mwezi riba ikiwamo, na 100,000 ya ndugu, isiyo na riba. Jumla ni 600,000. Riba ya mtaani na marejesho ya kikundi walikuwa wakivilipa tangu awali. Zile 122,000 mpya wanazielekeza zote kwenye deni la mtaani, kwa kuwa ndilo linalokua haraka. Mwezi wa kwanza deni la msingi linashuka kutoka 200,000 hadi 78,000. Mwezi wa pili riba yake ni 15,600. Wanalipa zote 93,600 na kulimaliza. Katika 162,000 walizokuwa nazo, yaani 122,000 pamoja na 40,000 za riba ya zamani, zinabaki 68,400. Wanalifuta deni la dukani na kubakiwa na 8,400. Mwezi wa tatu wanamlipa ndugu yao, na kinachobaki wanakipeleka kwenye kikundi. Mwezi wa nne wamemaliza yote. Kama wangegawa 122,000 kidogokidogo kwa kila mdai, riba ya mtaani ingeendelea kuwala.

Mfano huu unategemea mkopeshaji akubali kupokea sehemu ya deni la msingi na kuhesabu riba kwa kilichobaki. Wako wanaokataa. Mwulizeni mapema, na jibu lake liandikwe. Akikataa, wekeni akiba mpaka mtimize kiasi chote, mkamlipe mara moja na kudai stakabadhi. Wadai wengine wasiachwe bila neno: mwende kwa mwenye duka na kwa ndugu, mwataje tarehe mtakayowalipa. Mdai aliyepewa tarehe ya kweli huwa mvumilivu kuliko aliyekimbiwa.

Mkopo mpya wa kulipia wa zamani ukubaliwe kwa sharti moja tu: uwe na gharama ndogo kuliko ule wa zamani kwa hesabu iliyoandikwa, kama vile kutoka kwa mkopeshaji wa mtaani kwenda kwenye SACCOS mliyo wanachama. Kinyume chake ni kuhamisha moto kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Tungependa pia mjue kwamba mkopaji analindwa na sheria. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa kuwa na leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kufungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Kabla ya kusaini, dai nakala ya mkataba inayoonyesha riba na ada zote, uisome na mwenzi wako. Usimkabidhi mtu kadi yako ya benki na namba ya siri kama dhamana. Programu inayotaka kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako ili ikukopeshe 20,000 inaweza kukudhalilisha kesho mbele ya watu hao. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Hapo nayo sheria inatambua kwamba deni linaloweza kuwatoa watu nje ya nyumba si siri ya mtu mmoja.

Ndugu wananchi, kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo tulivyoambiwa tangu zamani. Matanga hayabebwi na mtu mmoja. Majirani hukusanyika, kila mtu na mzigo wake. Deni la nyumbani nalo litendewe vivyo hivyo. Wiki hii kaeni chini, mfungue daftari, na mjibu maswali matatu: tunadaiwa nini na nani? Kila mmoja wetu ataacha nini? Fedha tutakayookoa itawekwa wapi jioni ileile? Kisha rudini kwenye daftari hilo kila Jumapili, au siku yoyote mtakayokubaliana, mlisome kwa sauti. Deni likiisha, msiufute utaratibu huo. Endeleeni kuweka kiasi kilekile kiwe akiba ya dharura, ili mtoto akiugua usiku au paa likivuja, msilazimike kugonga mlango wa mkopeshaji.