Bei ya Kutaja Mwanachama Auzapo Nyumba



Mkulima wa pamba wa Shinyanga na Geita amezoea kutangaziwa bei. Msimu ufunguliwapo, hupeleka mzigo wake mizani akiijua bei dira. Nyumba haina bei dira. Mwenye kuuza ndiye atajaye kwanza, na neno hilo la kwanza laweza kumfaa au kumtia hasara.

Kosa la kwanza ni kuhesabu gharama peke yake. Muuzaji hujumlisha matofali ya kuchoma, saruji, mabati na ujira wa fundi, kisha huongeza deni alilo nalo. Lakini mnunuzi halipi deni la muuzaji. Yeye hutazama nyumba zilizouzwa mtaani humo, barabara, maji, umeme na nyaraka.

Kosa la pili ni kusahau kiwanja. Zamani ardhi tupu haikuhesabiwa thamani, ila maendelezo yaliyo juu yake. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilibadili jambo hilo. Mzee anayetaja bei ya kuta na mabati tu hujipunja.

Kosa la tatu ni kushikilia bei za wakati wa neema. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009, na kufikia mwaka 2021 uchimbaji wake ulikuwa umekwisha. Dhahabu ina mwisho. Nyumba iliyotegemea wapangaji wa mgodi haiwezi kudai bei ile ile wapangaji wakiisha kuondoka.

Uchukuliwe mfano. Nyumba tatu zinazofanana zimeuzwa karibuni kwa shilingi milioni 24, 25 na 26. Mwanachama aliyetumia milioni 32 kujenga akitaja milioni 38, wanunuzi wa mwanzo, ambao ndio wenye haja, watapita. Miezi ikipita, watu huanza kuuliza nyumba ile ina kasoro gani. Hatimaye huuzwa milioni 20 kwa dhiki. Angetaja milioni 27, akaweka moyoni kwamba hashuki chini ya 24, angekuwa na nafasi ya kupatana bila kuvunjiwa heshima.

Dalali naye apewe bei kwa maandishi, na ujira wake ujulikane mapema, asije akaongeza cha juu kinachomfukuza mnunuzi. Penye shaka, au nyumba ikiwa ya chama, aitwe mthamini aliyesajiliwa.

Kabla ya kutaja bei, nyaraka ziwe tayari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Ardhi ya kijiji huhitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Mnunuzi anayeona mashaka katika karatasi hushusha bei, na ana haki.

Katibu si dalali wala hakimu. Hata hivyo, aweza kumsaidia mwanachama kuuliza bei tatu za kweli zilizolipwa, si zilizotajwa, kabla hajafungua kinywa. Nyumba ni jasho la miaka mingi. Haifai ipotee kwa neno moja lililosemwa kwa haraka.