Nyaraka Kwanza, Mkutano Baadaye

Ndugu zetu wa Dandora,

Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa Desemba 1991, tulirudishiwa haki ya kuchagua chama. Katiba ya 2010 ikaongeza: kifungu cha 10 kinaagiza wananchi washirikishwe, na cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hizo hazitengani. Asiye na habari atashirikishwaje?

Tazameni Lamu, ambayo mji wake mkongwe ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Wakazi walipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa katika kaunti yao. Mikutano ilikuwa imefanywa, lakini kabla ya ripoti ya athari kukamilika. Ilipokamilika, hawakuelezwa ipasavyo yaliyomo. Juni 2019 baraza la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mradi.

Funzo kwetu li wazi. Jaa letu lilitangazwa kujaa mwaka 2001, na taka zikaendelea kumwagwa. Yeyote anayekuja na mpango juu yake, uwe wa kulifunga au wa kuligeuza kiwanda, tumdai kwanza nyaraka kwa lugha tuisomayo, kisha muda wa kuzisoma, ndipo mkutano. Kutia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio si kutoa ridhaa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi ndio tunaokilalia, basi tuulizwe.