Saa nne katika chumba cha dharura



Jina la Ras Al Khor halimtatizi Mswahili: ni rasi ya hori, pale ulipokuwa ukikomea zamani ule mkono wa bahari uingiao ndani ya mji wa Dubai. Watalii huja hapo kuwatazama heroe katika hifadhi yao. Watu wetu wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala hufuata soko la magari yaliyotumika na yadi za vipuri, ambako mtu hushinda juani akikagua injini, na chakula hukikumbuka jioni.

Shemeji yangu wa Mombasa ni mmoja wao. Alikuwa amekwisha kulipia magari mawili alipoanza kutokwa na jasho jingi na kusema kwamba kifua kimemwelemea. "Ni kiungulia tu," akasema, akaagiza soda. Mwenye yadi, Mpakistani wa makamo, hakubishana naye. Akapiga 998, namba ya ambulensi.

Hospitalini alipimwa umeme wa moyo mara moja. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa moyo ni kwamba kipimo hicho kifanyike ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kisha akatolewa damu, na sisi tukaambiwa tukae ukumbini. Hapo ndipo ulipoanza mtihani wa jamaa. Waliofika nyuma yetu waliitwa mbele yetu, kwa kuwa katika chumba cha dharura zamu hutolewa kwa uzito wa hali. Dada yangu alipiga simu kutoka Mombasa kila baada ya dakika chache, akiuliza mumewe amekula nini.

Majibu ya damu yakaja safi. Shemeji akadai viatu vyake. Alikuja kwa viza ya matembezi, na kichwani mwake kila saa ya kitanda kile ilikuwa dirhamu, na meli ilikuwa ikingoja magari.

Aliyemzuia ni muuguzi kutoka Kerala. Alivuta kiti, akaeleza kwa Kiingereza chepesi, nami nikafasiri. Msuli wa moyo ukikosa damu hujeruhika, ukavujisha protini iitwayo troponini. Lakini protini hiyo huchukua muda kuonekana, hivyo kipimo cha mapema chaweza kuwa safi ilhali hatari ipo. Ndiyo sababu hurudiwa baada ya saa chache. Shemeji akarudisha miguu kitandani. Kipimo cha pili kilikuwa kimepanda, na usiku ule ule mshipa wake ulizibuliwa na kuwekewa kijibomba cha wavu.

Mashine za hospitali ile ni nzuri, sikatai. Lakini kwa maoni yangu maisha ya shemeji yaliokolewa pia na zile dakika tano za maelezo. Kwetu jamaa ni nusu ya muuguzi: huleta uji, hufuata dawa, humgeuza mgonjwa. Ugenini huambiwa akae nje, mikono mitupu, na asipoelezwa kinachongojwa hudhani hakuna kinachofanyika. Huduma hii ya dharura kama taaluma ingali changa hata nyumbani. Idara ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, ya kwanza ya aina yake katika hospitali za umma Tanzania, ilifunguliwa mwaka 2010.

Na hesabu ya fedha nayo haikuwa ndogo. Sheria ya Dubai namba 11 ya mwaka 2013 inamlazimu mwajiri kumkatia mfanyakazi wake bima ya afya. Mfanyabiashara wa kuja na kurudi hana mwajiri huko; kinga yake ni bima ya safari, na wengi huichukua ile ya bei ya chini kabisa bila kuisoma. Ya shemeji ilikuwa na kikomo. Gari moja kati ya yale mawili liliuzwa papo hapo yadini, na la pili ndilo lililopanda meli.