Mpira hauogopi diplome: maneno yetu kwa wachezaji vijana wa Fizi na Baraka

Wandugu wa Baraka, wa Fizi-centre, wa Mboko, Nundu, Lulimba na Misisi, ninyi muko hapa kiwanjani na ninyi munatusoma kwenye telefone. Wababa, wamama, makocha, maprefe wa shule.

Leo hatukuwaita juu ya njia mbovu ya Uvira, wala juu ya usalama. Hayo tutayarudia, munatujua. Leo tunazungumza mpira. Tunazungumza vijana wenye miguu mizuri wanaoacha shule katikati ya mwaka, wanapanda boti ao motari, wanaenda kutafuta ekipe.

Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Kuna kijana mmoja kati yetu, yuko hapa leo, ametuachia tuseme habari yake bila kutaja jina. Alikuwa wa tatu humanité. Ilibaki mwaka mmoja tu afanye Exetat. Akaja mtu amevaa vizuri, na telefone mbili, anasema yeye ni manaja, kuna ekipe inamngoja inchi ya jirani, tesiti ni juma lijalo, asipoondoka sasa nafasi imepotea. Baba akauza mota ya mtumbwi. Mama akachukua makuta ya likelemba mbele ya zamu yake. Na sisi? Sisi tulichanga. Tulimsindikiza mpaka bandarini, tukaimba. Hakuna hata mmoja wetu aliuliza: karatasi iko wapi?

Alikaa miezi minane katika chumba kimoja na vijana wengine kumi. Ekipe haikuwako. Manaja akazima telefone. Kijana akabeba magunia sokoni mpaka akapata makuta ya kurudi. Alifika Baraka usiku, juu alisikia haya kupita mchana. Siku ile, wenzake wa kilasi walikuwa wanajipanga kufanya Exetat. Yeye hata buletini ya mwaka ule hakuwa nayo, maana aliuacha katikati. Na mota ya baba haikurudi.

Hatusemi hii ili mumcheke. Kama nafasi ile ingetujia sisi, kila mmoja wetu angepanda ile boti. Tunasema juu tulikuwa sehemu ya kosa, na hatutaki kulirudia.

Tunajua mutatujibu nini. "Diplome ya nini? Tuko na watu wa lisanse wanaendesha motari." Ni kweli, tunawafahamu, wengine ni sisi. Mutasema tena: masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi tu. Ukifika sekondari, minervali inakungoja mlangoni, na mzazi anayeishi kwa ndagala hana ya kulipa kila mwezi. Hiyo pia ni kweli. Kwa hiyo hatutamwita mjinga mtoto anayeacha shule. Anapiga hesabu yake, kama wale walioacha shule wakaenda kuchimba dahabu Misisi.

Lakini tukumbuke Misisi inatufundisha nini. Anayeingia shimoni anabaki na vumbi. Anayebaki na makuta ni yule aliye na karatasi. Leo miguu ya watoto wetu imekuwa machimbo mapya. Wanunuzi wamekwisha kufika. Na sisi tunaingia tena bila karatasi.

Sasa tuangalie wenzetu waliofaulu, tuone kama kweli walikimbia shule.

Dikembe Mutombo alimaliza sekondari Kinshasa. 1987 akaenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, na mawazo ya kuwa daktari. Akaanza basiketi ya chuo, akasoma mpaka akatoka na digrii. Aliingia NBA 1991, ana miaka 25. Watu wangesema amechelewa. Akacheza misimu 18, mpaka 2009, na 2007 hospitali aliyojenga Kinshasa kwa jina la mama yake ikafunguliwa.

Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, ni njia ingine. Aliondoka Congo 2016, akiwa na miaka 13, akaenda kusoma na kucheza Marekani. 2020 akaamua kutopita chuo kikuu, akaingia ekipe ya vijana waliolipwa ili kujitayarisha kwa NBA. 2021 Golden State Warriors wakamchukua nambari 7. 2022 akawa bingwa, miaka 19. Hapa vijana wengi wanasema: "Munaona? Aliacha shule!" Hapana. Aliongeza mwendo, akamaliza sekondari mwaka mmoja mbele ya wakati wake, kiisha njo akaondoka. Na alipoondoka alikuwa na kontra mkononi.

Kwa mpira wa miguu, muangalieni Fiston Mayele. 2021 alitoka AS Vita ya Kinshasa akaenda Yanga ya Dar es Salaam. Alikuwa mtu mzima wa miaka 27. 2023 akaenda Pyramids ya Misri, na 2025 akachukua nao ubingwa wa Afrika. Manaja wa uongo anakuambia kama ukifika miaka 18 bila ekipe ya inje, umekwisha. Mayele anaonyesha kama huo ni uongo wa kukufanya uuze mota ya baba yako leo usiku.

Hata Marekani kwenyewe, wanaocheza ule mpira wao wa kofia ngumu wakiwa chuoni, ligi kubwa haiwapokei mpaka ipite miaka mitatu tangu wamalize sekondari. Na chama cha michezo ya vyuo, NCAA, chenyewe kinasema wanaofika ligi kubwa ni chini ya 2 kwa 100. Hiyo ni inchi yenye viwanja, madaktari na makocha kila mahali. Kama kule karibu wote wanahitaji kazi ingine kiisha mpira, hapa Baraka tutasema nini?

Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Na sisi njo tuko Baraka, tungepaswa kuwa wa kwanza kulisikia.

Sasa sheria. Musichoke, hii njo silaha yetu.

Kwanza: kanuni ya FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda kucheza inchi ingine. Ruhusa ni chache, kwa mfano wazazi wamehama kwa sababu isiyo ya mpira, ao mtoto amekimbia kuokoa maisha yake. Sheria hii si ya kucheka nayo. Barcelona waliadhibiwa 2014 juu ya watoto, Chelsea 2019: walikatazwa kusajili wachezaji. Kama Barcelona waliadhibiwa, mtu wa telefone mbili hapa sokoni atapitia wapi? Akisema mtoto wa miaka 15 anaenda kusaini inje na familia inabaki Fizi, huyo anadanganya, ao anataka kuvunja sheria na mtoto wako ndani.

Pili: ajenti wa kweli anafanya mtihani, anapata leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kutafutwa kwenye mtandao wa FIFA. Kwa mtoto, anapaswa kupata kwanza ruhusa ya mzazi kwa maandishi. Mwambieni: leta leseni, acha jina, tutaangalia. Akikasirika, mumekwisha kupata jibu.

Tatu, na hii watu wengi hawaijui: ekipe zetu ndogo ziko na haki ya makuta. Mchezaji akiuzwa inchi ingine kontra yake ikiwa haijaisha, 5 kwa 100 ya bei inagawanywa kwa ekipe zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Msimu mmoja wa miaka 12 mpaka 15 ni robo ya 1 kwa 100. Msimu mmoja wa miaka 16 mpaka 23 ni nusu ya 1 kwa 100.

Tufanye hesabu pamoja. Mtoto amecheza ekipe ya Baraka misimu sita, kuanzia miaka 12 mpaka 17. Siku moja anauzwa dola 1.000.000. Misimu minne ya kwanza ni dola 2.500 kila mmoja: 10.000. Misimu miwili ya mwisho ni dola 5.000 kila mmoja: 10.000 tena. Jumla dola 20.000 zinarudi Baraka. Ni minervali ya watoto wangapi? Pigeni hesabu wenyewe. Lakini zinarudi kwa ekipe iliyosajiliwa, ambayo mchezaji aliandikwa kwake msimu kwa msimu. Ekipe isiyo na karatasi itapiga makofi mbele ya televizyo, basi.

Na umri. Tunajua kuna makocha wanaopunguza miaka ya mtoto ili acheze na wadogo. Muache. Tangu 2009 FIFA inapima kifundo cha mkono kwa mashini katika mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17. Tena mtoto aliye na miaka miwili, moja ya shule na moja ya mpira, hataweza kutumia diplome yake wala kontra yake. Karatasi zitagombana, na atakayeumia ni yeye.

Kwa hiyo, hatuwaambii vijana wabaki. Ondokeni! Tunataka siku moja tukae mbele ya televizyo tuseme huyu ni wa kwetu. Ila tunaomba mambo haya:

Kwa maprefe: mtoto akiitwa tesiti ya kweli, mumpe ruhusa ya siku, mumtunzie nafasi, na akirudi afanye mitihani aliyokosa. Musimfukuze juu ya mpira. Na akihama, apewe buletini zake bila kuzungushwa.

Kwa makocha na marais wa ekipe: musajili ekipe kwa FECOFA kupitia viongozi wa mpira wa hapa. Mufungue daftari: jina, tarehe ya kuzaliwa ya kweli, msimu kwa msimu. Mazoezi yasianze mbele ya saa za masomo kuisha. Hii ni kwa wasichana pia. TP Mazembe ya wanawake ilichukua ubingwa wa Afrika 2024. Dada zetu nao watatafutwa na watu wa telefone mbili.

Kwa wazazi: musiuze kitu kinacholisha nyumba juu ya tesiti. Ekipe inayomtaka mtoto wako kweli inaandika barua na inalipa safari. Na musisaini karatasi musiyoelewa. Tuleteeni, tutaisoma pamoja.

Kwa viongozi wa muji na wa teritware: munajua kuja kwenye fainali na kupigwa picha na kombe. Tunaomba muje pia siku mtoto anapopotea. Mtu anayekusanya makuta ya familia kwa ahadi ya uongo ni mwizi. Afuatwe kama mwizi.

Kwa sisi wenyewe: kuanzia juma hili, kijana yeyote wa Baraka ao Fizi aliyeitwa na manaja aje kwetu mbele ya kuondoka. Tutatafuta jina la ajenti, tutapiga simu kwa ekipe, tutasoma kontra. Bila malipo. Na Posho kiisha mazoezi, wale kati yetu walio na diplome watakaa na wachezaji wa mwaka wa mwisho kutayarisha Exetat, hapa hapa pembeni ya kiwanja.

Yule ndugu yetu amerudi kilasini. Anakaa na watoto waliokuwa nyuma yake, wanamwita mzee, na yeye anacheka. Jioni bado anacheza, na bado ni nambari 10 mzuri. Akiitwa tena, tutachanga tena. Tutamsindikiza bandarini na tutaimba. Ila safari hii tutaimba kiisha kusoma karatasi.