Treni ya Mjini Yatuhusu Nini Sisi wa Gitting?

Hotuba ya Mwenezi wa Vijana katika mkutano wa wanachama, Gitting, wilayani Hanang



Juma lililopita nilipotangaza kwamba leo nitazungumza juu ya treni za Dar es Salaam, mzee mmoja alinishika mkono akaniambia: "Mwalimu, mwanangu, hapa kwetu hatujapata kusikia hata honi ya treni. Habari hiyo yatuhusu nini?" Nikamjibu, "Mzee wangu, nipe siku saba." Leo siku saba zimetimia, nami nimekuja kulipa deni.

Kwanza tuelewane. Treni ya mjini si treni ya safari. Treni ya safari humpeleka mtu Tabora, Kigoma au Mwanza, naye hubeba mzigo na chakula cha njiani. Treni ya mjini humchukua mfanyakazi asubuhi kutoka kitongojini, ikamfikisha kazini, na jioni ikamrudisha kwake. Nchini mwetu treni za namna hiyo zilianza Dar es Salaam mwezi Oktoba 2012, wakati Dr. Harrison Mwakyembe alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, na wananchi wakaziita Treni ya Mwakyembe. Moja ilipita katika Reli ya Kati kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa; nyingine ilipita katika reli ya TAZARA kuelekea Mwakanga. Baadaye Reli ya Kati ikapeleka treni mpaka Pugu. Mabehewa hayakuwa mapya. Yalikuwa ya zamani, yakafufuliwa na mafundi wetu wenyewe.

Mimi nilipokuwa chuo cha ualimu nilipelekwa Dar es Salaam kwa mazoezi ya kufundisha, nikakaa kwa ndugu yangu pande za Gongo la Mboto. Darasani nilikuwa na mtoto mmoja aliyesinzia kila siku kabla ya saa nne. Nilimkaripia. Siku ya tatu akaniambia, "Mwalimu, mimi huamka saa kumi usiku ili nipate daladala." Ndugu zangu, niliona haya. Nilikuwa nimemwadhibu mtoto kwa kosa la barabara. Tangu siku ile natambua kwamba ratiba ya gari ni habari ya elimu, ni habari ya afya, na ni habari ya kazi.

Sasa yasemwa kwamba huduma za treni za mjini zitaboreshwa. Neno "kuboresha" ni tamu, na kwa sababu ni tamu yafaa tulipime. Mimi nina mizani ya mambo manne.

La kwanza ni wingi wa safari. Treni moja ya asubuhi na moja ya jioni humfaa karani, lakini haimfai mama muuza samaki wala mlinzi wa usiku. Na hapa pana jambo la kiufundi ambalo kila mwananchi aweza kulielewa. Reli ikiwa ya njia moja, treni inayokwenda lazima isimame stesheni ingoje inayorudi ipite. Basi, kuongeza mabehewa peke yake hakutoshi. Lazima zijengwe njia za kupishana, au njia ya pili. Anayeahidi safari nyingi bila kutaja njia za kupishana, tumwulize treni zake zitapishana wapi.

La pili ni kuunganisha. Dar es Salaam leo ina reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina 1,067. Na reli mpya ya SGR ina 1,435. Gari la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Kwa hiyo abiria ndiye anayepaswa kuvuka, tena kwa miguu yake. Kama stesheni ziko mbalimbali, na basi la kumchukua hakuna, faida ya reli humwagika njiani kama maji katika kikapu. Jirani zetu wa Kenya walipofungua reli yao mpya ya Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, stesheni kubwa ilikuwa Syokimau, mbali na katikati ya mji. Ikawalazimu kuendesha treni ya mjini ya kuwaleta abiria mpaka stesheni ya zamani. Somo ni wazi: treni iendayo mbio haimfai mtu akiishia nje ya mji.

La tatu ni nauli. Nauli ikiwa kubwa, treni ni ya wenye mishahara. Nauli ikiwa ndogo mno bila Serikali kutia fedha, magurudumu hayatengenezwi na treni hufa. Ukweli huu yafaa kusemwa hadharani. Huduma ya umma hulipiwa ama na abiria, ama na wote kwa kodi.

La nne ni matunzo. Sisi wakulima twajua kwamba kununua jembe si kazi, kazi ni kulinoa. Reli ya umeme ni hivyo hivyo. Inataka umeme usiokatika, mafundi waliosoma, na vipuri vilivyo ghalani kabla ya kitu kuvunjika.

Sasa narudi kwa mzee wangu aliyeuliza. Yatuhusu nini?

Tutazame historia. Wajerumani walianza reli ya Tanga mwaka 1893, nayo ikafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waliianza Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza wakaifikisha ile ya kaskazini Arusha mwaka 1929. Reli mbili zilipita, moja kaskazini yetu na moja kusini yetu, na nchi yetu ya Mbulu na Hanang ikabaki katikati kama mtu aliyekaa baina ya mito miwili naye ana kiu. Mtawala alijenga reli pale alipoona mkonge, kahawa na bandari yake. Hakuuliza mkulima wa huku anahitaji nini. Hata reli hizo mbili hazikuunganishwa mpaka tulipopata Uhuru, ilipojengwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi mwaka 1963.

Leo mambo yamebadilika. Mwaka 2018 ilifunguliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria, mwezi Juni kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi Julai mpaka Dodoma. Yaani, ndugu zangu, mkiweka vipande hivi pamoja, mwanafunzi wa Gitting aweza kupanda basi Katesh, akafika Dodoma kwa lami, kisha akapanda treni ya umeme mpaka Dar es Salaam. Lakini basi likifika Dodoma nusu saa baada ya treni kuondoka, mtoto wetu atalala stesheni. Kumbe lile jambo la pili, la kuunganisha, si la watu wa mjini peke yao!

Tena upo mpango wa Serikali wa kujenga reli ya SGR kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, wenye matawi ya kwenda Engaruka na Minjingu. Minjingu iko mkoani kwetu Manyara, mahali panapochimbwa fosfeti ya mbolea. Reli hiyo bado haijajengwa, wala mimi sikuja kuwaahidi siku. Nimekuja kuwaambia kwamba mpango ukiwa bado karatasini ndio wakati wa kusema. Saruji ikishamwagwa, maneno hayasikiki.

Wapo watakaosema: kodi yetu isitumike kwa treni za Dar es Salaam hali sisi hatuna hata barabara nzuri ya kuteremsha viazi. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Sisi twajua barabara ikifungwa inakuwaje. Tarehe 3 Desemba 2023 mlima wetu Hanang ulishusha tope, Katesh na vijiji vya jirani vikafunikwa, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Hapana mtu hapa asiyekumbuka jinsi msaada ulivyopaswa kupita katika matope. Kwa hiyo tudai barabara zetu, na tuzidai kwa sauti.

Lakini tusidai kwa kuwaonea wivu ndugu zetu. Mtoto yule aliyesinzia darasani ni mtoto wetu pia. Anayenunua maharage na ngano yetu ni baba yake. Mjini kukikwama, bei ya shambani hukwama. Mkono wa kushoto ukiuma, wa kulia haucheki.

Basi tufanye nini? Nimeleta mambo matatu, nayo hayahitaji fedha.

Moja, kila kitongoji kiweke daftari. Tuandike msimu huu magunia mangapi yametoka Gitting, yamekwenda soko gani, na gunia moja limelipiwa usafiri kiasi gani. Wapimaji wa reli huhesabu mzigo. Mzigo usioandikwa hauhesabiwi, na usipohesabiwa haupati stesheni wala barabara ya kuufikia. Walimu na vijana waliosoma, kazi hiyo ni yetu.

Pili, daftari likijaa, tulipeleke kwa diwani na kwa mbunge, tukiwa na wazee wetu, na tuulize maswali yale manne: safari ngapi, zinaungana wapi, nauli nani atalipa, matunzo nani atafanya.

Tatu, tuwaombe wenye mabasi wa Katesh na Babati wapange saa zao zilingane na treni za Dodoma. Hili halingoji mpango wa miaka kumi. Barua moja yenye sahihi nyingi yaweza kulianza.

Mzee wangu, nadhani deni nimelipa nusu. Nusu iliyobaki iko mikononi mwetu sote. Wazazi wetu waliona reli za mtawala zikipita mbali, wala hawakuulizwa. Sisi tuna sauti. Itakuwa aibu wajukuu wetu wakituuliza, "Siku ile walipokuwa wakichora mstari, ninyi mlikuwa wapi?" nasi tujibu kwamba tulikuwa tumenyamaza.

Daftari la kwanza nimelinunua, hili hapa. Nani ataandika gunia la kwanza?

Uhuru na Kazi!