Mafunzo Kazini Yaanzie Dirishani



Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Temeke. Kila mmoja wao, siku moja au nyingine, husimama mbele ya mtumishi wa umma: katika zahanati, shuleni, kwa mtendaji wa mtaa au kwenye dirisha la leseni. Halmashauri ni kubwa, lakini mwananchi huijua kupitia mtu mmoja tu, yule aliyempokea.

Mwenye duka wa Mbagala Rangi Tatu anapofika kuomba msaada wa kupata leseni ya biashara katika mfumo wa TAUSI, huenda akakutana na mtumishi aliyefundishwa mfumo huo ukumbini kwa picha za projekta, pasipo kugusa kompyuta. Mtumishi huyo, hasa akiwa na umri mkubwa, huona haya kukiri kwamba amekwama. Njia nyepesi kwake ni kusema, "Rudi kesho." Kesho hiyo ina gharama: nauli ya daladala, duka kufungwa, na imani ya mwananchi kupungua.

Haja ya kumfundisha mfanyakazi mahali pa kazi si ngeni nchini. Mwaka 1973 Waziri Mkuu Rashidi Kawawa aliagiza sehemu za kazi ziendeshe elimu ya wafanyakazi. Msingi wake ungali hai: mfanyakazi ni mtu mzima mwenye ujuzi wake, naye hujifunza vema jambo linalogusa kazi yake ya kila siku.

Kwa hiyo, anayeandaa mafunzo na aanze kwa kuketi dirishani nusu siku, aone mahali watumishi wanapokwama, na awaulize wenyewe kabla ya kupanga ratiba. Mafunzo yafanyike kwa vikundi vidogo, kila mtu akitenda kwa mkono wake, na aliyebobea amsaidie mwenzake. Kijana anayeijua kompyuta ana la kujifunza kwa mkongwe anayejua kumtuliza mgonjwa mwenye hofu. Baada ya mwezi mmoja, mkufunzi arejee kazini kwao kuona kilichoshika na kilichopotea.

Tena, mafanikio yasipimwe kwa karatasi ya mahudhurio wala kwa posho iliyolipwa. Yapimwe kwa swali moja: ni wananchi wangapi wiki hii wameambiwa warudi kesho, na kwa sababu gani?

Viongozi wa idara wana wajibu wa kwanza. Pale mkuu wa idara anaposema mbele ya watu wake, "Hili silijui, nifundisheni," haya huondoka, na wa chini yake hupata ujasiri wa kuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Ofisi inayoulizana ndiyo itakayomhudumia mwananchi leo.