Maana na Faida ya Nishani ya Mfalme wa Uingereza
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniagiza niseme machache juu ya nishani zitolewazo na Mfalme wa Uingereza. Sababu mnaijua. Jina la mama mmoja wa mtaa wetu, aliyelea yatima miaka mingi bila mshahara, lilitajwa hapa kwamba lafaa kupelekwa, na wanachama wakagawanyika. Wengine walipiga makofi. Wengine waliuliza: Je, nishani ya Dola ipi, na Dola hiyo iliwatendea nini wazazi wetu? Swali hili ni la haki, nami sitalikwepa. Lakini kwanza yatupasa kukijua kitu chenyewe.

Nishani inayojulikana zaidi kwetu, iitwayo Order of the British Empire, iliwekwa na Mfalme George wa Tano mwezi wa Juni 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Nia ilikuwa kuwafikia watu wengi ambao nishani za zamani ziliwapita: wauguzi, waalimu, makarani na wenye kazi za hisani. Ina daraja tano. Mbili za juu humpa raia wa Mfalme haki ya kuitwa Sir, au Dame akiwa mwanamke. Kisha hufuata C.B.E., O.B.E. na M.B.E. Chini ya hizo ipo medali ya B.E.M., iliyoachwa kutolewa Uingereza mwaka 1993 na kurudishwa mwaka 2012. Majina hutangazwa mara mbili kwa mwaka, yaani Mwaka Mpya na mwezi wa Juni, katika sikukuu rasmi ya kuzaliwa kwa Mfalme. M.B.E. yenyewe ni msalaba wa fedha wenye utepe wa waridi uliopakana na rangi ya kijivu, na maneno yake maana yake ni Kwa Mungu na Dola.

Sasa faida. Nasema wazi, kwa kuwa nimesikia uvumi mwingi, kwamba nishani hii haina pesa, haina shamba, haina msamaha wa kodi, wala haimpatii mtu ruhusa ya kuishi Uingereza. Aliyeipokea aweza kuandika herufi zake baada ya jina. Aweza pia kuomba kufunga ndoa au kubatiza watoto wake katika kanisa dogo la nishani hiyo, lililo ndani ya St Paul's Cathedral mjini London. Faida ambayo kwa mtu wa Voi au Kakamega ni ya mbali kidogo. Cheo hakirithiwi. Mtoto hubaki na msalaba kabatini, lakini herufi huondoka na mwenyewe.

Faida ya kweli ni ushuhuda. Kazi iliyofanywa gizani huwekwa mwangani, na mlango wa ofisi uliokuwa mgumu hufunguka upesi zaidi. Kwa mlezi wa yatima anayeomba magodoro na karo, jambo hilo si dogo.

Na je, nishani humfunga mtu kinywa? Mimi ni karani, basi niruhusuni nitoe mfano wa karani. Shaaban Robert alikuwa karani wa Serikali katika Tanganyika, naye alipewa M.B.E. Ni mtu yule yule aliyeandika Kusadikika, habari za nchi isiyopenda kuambiwa kweli. Sijaona msomaji anayemheshimu kwa ajili ya herufi zile tatu. Wala sijaona aliyemdharau kwa ajili yake.

Lakini wanaopinga wana hoja nzito. Zamani za ukoloni, majina yalipelekwa na Gavana, na uaminifu kwa Serikali ulikuwa kipimo kikubwa. Askari wa Keya walipata medali za ushujaa kwa damu yao, na hao hakuna awezaye kuwalaumu. Ila wakati wa Hali ya Hatari, tangu 1952 hata 1960, nyumba moja ilipata heshima na nyumba jirani ikapata kambi ya kizuizini. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilitamka masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alitaja huzuni na majuto, lakini hakuomba radhi kamili. Na neno Dola bado limeandikwa juu ya msalaba. Mshairi Benjamin Zephaniah, aliyezaliwa Uingereza na wazazi waliotoka visiwa vya Karibi, alikataa O.B.E. mwaka 2003 kwa sababu ya neno hilo hilo. John Lennon, mwanamuziki, aliirudisha M.B.E. yake mwaka 1969. Hata Mfalme huweza kuirudisha nishani kwake: Robert Mugabe alitunukiwa nishani nyingine, ya Bath, mwaka 1994, akavuliwa mwaka 2008.

Maoni yangu ni haya. Kabla jina halijatangazwa, mteuliwa huulizwa kwa siri kama anakubali. Hapo ndipo pa kukataa, na mwenye kukataa ni yeye. Ikiwa babaye alilala kambini, yeye ndiye aujuaye uzito wa jambo hilo kuliko sisi tuliokaa hapa kwenye viti. Haifai chama kukataa kwa niaba yake, wala kumsukuma akubali ili sisi tupate picha ukutani.

Napendekeza pia tuanze nyumbani. Sheria ya Nishani za Taifa ya mwaka 2013 imeweka utaratibu wa kupendekeza Wakenya kwa nishani za nchi yetu, na ni aibu barua ya kwanza ya chama kwenda ng'ambo kabla haijafika Nairobi.

Kuhusu utaratibu wa Uingereza: mapendekezo hayatozwi hata senti moja, na anayedai ada ya kupeleka jina ni mwizi. Zatakiwa barua zisizopungua mbili za watu wanaoijua kazi yake, zikieleza matendo na miaka. Sifa tupu hazisaidii. Mwenyewe asiambiwe. Jibu huchukua mwaka mzima au zaidi. Kwa kuwa yeye ni raia wa Kenya, nishani itakuwa ya heshima tu, na itapitia Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Kwa desturi, mjumbe wao katika nchi husika ndiye huikabidhi.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyoagizwa. Wenye maswali na waulize.